Tumbo la kukandwa na tumbo la kupimwa



Mpenzi msomaji wa safu hii, juma lililopita nilipigiwa simu na mama mmoja wa Nkome, huko kando ya ziwa, mkoani Geita. Mwanawe wa miaka 12 amekuwa akilalamikia tumbo tangu mwezi wa Shaaban. Limejaa, linanyonga, mara mtoto anaharisha, mara anafunga choo siku tatu. Jirani yake alimwelekeza kwenye chumba kimoja cha tiba ambako hukanda tumbo na kubonyeza kwa vidole sehemu maalumu za mguu na mkono, kwa utaratibu wa Kichina. Aliambiwa mtoto anahitaji vikao 10, ambavyo gharama yake yote ni sawa na bei ya mbuzi wawili. Amekwisha kulipia vikao vitatu, na viwili vimefanyika. Alikuwa na maswali mawili: Je, tiba hiyo inafaa? Na je, inajuzu kwetu Waislamu, ikiwa mtabibu mwenyewe husema inafanya kazi kwa kitu kiitwacho “chi”, nguvu isiyoonekana inayopita mwilini?

Nilimjibu jambo moja papo hapo: kabla ya kikao cha tatu, ampeleke mtoto kituo cha afya apimwe choo kikubwa. Sababu ya jibu hilo ni ndefu kuliko muda wa maongezi wa simu yake, nami naieleza hapa kwa faida ya familia nyingine zenye swali kama lake.

Nianze kwa kukiri kwamba mimi si mpinzani wa tiba hii. Mama yangu mzazi anaishi Nyankumbu, na umri wake umepita miaka 70. Tangu alipoanguka na kuumia nyonga, kutembea kwake kulipungua, na choo kikawa kigumu. Siku nne, siku tano, hajaenda haja. Alikunywa dawa za kulainisha akachoka nazo. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyemleta mama mmoja aliyejifunza kukanda kwa njia ya Kichina, nami nilicheka. Mama yule alimkanda tumbo kila siku kwa majuma mawili, akamwagiza anywe maji ya uvuguvugu mara tu baada ya sala ya Alfajiri, akamkataza kula ugali mkavu wa udaga usiku. Juma la pili mama akaanza kwenda choo kila baada ya siku moja au mbili. Siwezi kuapa ni mkono uliomponya au ni maji, na huenda ni vyote kwa pamoja, lakini sikucheka tena.

Wala tusijione kama tumeletewa kitu kigeni kabisa. Bibi zetu hawakumngoja Mchina ndipo wajue kuchua tumbo la mtoto mchanga kwa mafuta ya uvuguvugu gesi inapomsumbua, na mwanamke aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto Geita kama anavyokandwa Tanga. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ameeleza kukanda mwili katika kitabu chake cha al-Qanun, akitenganisha mkono mzito na mkono mlaini na faida ya kila mmoja. Walichokifanya Wachina ni kuijenga kazi hiyo ikawa elimu yenye majina, vipimo na ramani ya mwili. Kukanda huko wanakuita tuina, neno linalounganisha kusukuma na kukamata. Kubonyeza kwa kidole ni ndugu wa sindano zao: mahali ambapo mwingine angechoma sindano, huyu anaweka dole gumba.

Tiba hiyo nayo haikuingia nchini jana. Kundi la kwanza la madaktari wa China lilifika Zanzibar mwaka 1964, likitoka mkoa wa Jiangsu, na Tanzania Bara ilianza kuwapokea mwaka 1968, wakitoka mkoa wa Shandong. Walifanya kazi katika hospitali za serikali kama Muhimbili, Dodoma, Tabora na Musoma. Wazee wa kanda yetu waliopelekwa Musoma katika miaka ile watakumbuka daktari wa Kichina mwenye kisu cha upasuaji, na pembeni yake mwenzake mwenye sindano nyembamba. Kliniki binafsi zilianza kuenea Dar es Salaam katika miaka ya 1990, kisha zikafuata barabara na biashara. Tangu mgodi mkubwa wa Geita ulipoanza uzalishaji mwaka 2000, fedha na watu wameongezeka huku kwetu, na kila penye fedha na maumivu ya mgongo hapakosekani mtu wa kukanda.

Sasa hiyo “chi”. Wachina wa kale waliamini kwamba ndani ya mwili kuna nguvu inayopita katika njia zake, na kwamba maradhi hutokea njia zinapoziba. Madaktari wa leo hawajaiona njia hata moja kati ya hizo chini ya hadubini. Ni maelezo tu, kama Wayunani walivyoeleza mwili kwa michanganyiko minne, na madaktari wakubwa wa Kiislamu, akiwemo Ibn Sina huyo huyo, wakayatumia maelezo hayo kwa karne nyingi bila imani yao kuguswa. Tena Waislamu wameifahamu tiba ya Kichina kitambo. Mwaka 1313, mjini Tabriz, waziri na tabibu Rashid al-Din alisimamia kitabu cha tiba ya Kichina kilichofasiriwa kwa Kifarsi, ndani yake mkiwa na elimu ya kupima mapigo ya mshipa.

Nilimuuliza sheikh wa msikiti wetu kuhusu hili. Alisema kinachoangaliwa ni kitendo: kama hakuna hirizi, hakuna kuitwa asiyekuwa Allah, na mgonjwa anaamini kuwa mponyaji ni Mwenyezi Mungu, basi dole gumba ni sababu kama sababu nyingine. Akaongeza la sitara, nalo nitalirudia.

Mtu akitaka kuijua kazi yenyewe, si ngumu, na kwa matumizi ya nyumbani haihitaji vikao 10 vya kulipia. Mgonjwa alale chali, magoti ameyakunja ili misuli ya tumbo ilegee. Iwe imepita saa moja na nusu au mbili tangu ale, na awe amekwisha kwenda haja ndogo. Mkandaji apashe viganja vyake moto kwa kuvisugua, apake mafuta kidogo, ya nazi au ya alizeti, kisha aanze upande wa kulia wa mgonjwa, chini, karibu na nyonga. Asukume kwa upole akipanda hadi chini ya mbavu za kulia, avuke kwenda kushoto juu ya kitovu, ashuke upande wa kushoto hadi nyonga ya kushoto. Kisha arudie, kama mshale wa saa unavyozunguka, kwa dakika tano hadi kumi. Mzunguko huo una sababu: utumbo mpana umelala kwa mpango huo huo, na choo kinasafiri kwa njia hiyo. Anayezungusha kinyume anakisukuma kirudi kilikotoka. Mkono usizame, na mgonjwa asikunje uso. Akikunja uso, acha.

Wakati mzuri ni asubuhi, baada ya maji ya uvuguvugu, kwa kuwa tumbo likipokea kitu baada ya usiku mzima, utumbo mpana nao huamka. Ndiyo maana napenda utaratibu wa mama yangu wa baada ya Alfajiri.

Kuhusu vidole, yako mawili yanayofaa kujulikana. La kwanza liko mguuni, na Wachina wanaliita Zusanli, maana yake “maili tatu za mguu” kwa maili yao fupi. Husimuliwa kwamba msafiri aliyechoka akilibonyeza huweza kutembea tatu nyingine. Chini ya kifuniko cha goti pima vidole vinne vya mgonjwa mwenyewe, si vyako, kisha sogea upana wa kidole kimoja kwa nje ya mfupa wa muundi. Ukibonyeza hapo kwa dole gumba utasikia maumivu mazito yasiyochoma. Shikilia dakika moja au mbili, kisha mguu wa pili. Hutumika kwa tumbo zito na chakula kisichoshuka. La pili liko mkononi, linaitwa Neiguan: vidole vitatu kutoka kwenye mkunjo wa kiganja kuelekea kiwiko, upande wa ndani, katikati ya kano mbili. Hili ni la kichefuchefu, na ndilo lililochunguzwa zaidi kuliko yote. Madaktari wa usingizi wamelijaribu kwa wagonjwa waliotoka kufanyiwa upasuaji, na limeonekana kupunguza kutapika. Kuhusu kukanda tumbo kwa ajili ya choo kigumu, zipo tafiti chache zilizoonyesha nafuu, ila nyingi zilihusu watu wachache. Kwa hiyo tuseme: linasaidia baadhi ya watu, na likifanywa kwa upole kwa mtu anayestahili, halimdhuru.

Maneno “kwa mtu anayestahili” ndiyo yaliyonifanya niandike.

Nina mpwa, mtoto wa dada yangu, aliyekuwa na miaka 19 alipokuwa akifanya kazi ya kuosha mchanga wa dhahabu upande wa Rwamgasa. Alianza homa, kichwa, kisha tumbo. Alimeza vidonge vya malaria alivyonunua dukani, homa ikapungua ikarudi. Siku ya kumi na kitu wenzake wakampeleka kwa mkandaji. Kituo hicho sikitaji, wala sidhani aliyemkanda alikuwa na nia mbaya. Alipewa kijimashine cha kushika kiganjani, akaambiwa kimempima mwili mzima na utumbo wake “una sumu”. Akakandwa siku mbili mfululizo, kwa nguvu, maana kijana ni mchimbaji na mchimbaji huonekana wa kuhimili. Usiku wa siku ya pili tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Dada alinipigia simu saa nane usiku: “Kaka, hageuki. Ukimgusa tu analia.”

Ilikuwa kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa. Gari la wagonjwa lilisubiri kivuko, na sisi tukasubiri ndani yake, tukimsomea dua na kumhesabia pumzi. Alfajiri alipasuliwa Mwanza. Ilikuwa taifodi, na utumbo mdogo ulikuwa umetoboka. Alhamdulillah yu hai, akiwa na kovu kutoka juu hadi chini ya kitovu. Daktari hakutuambia kwamba mkono ndio uliotoboa. Taifodi hutoboa utumbo yenyewe, hasa juma la tatu la homa isiyotibiwa vizuri. Alichosema ni kwamba utumbo uliokuwa mwembamba kama karatasi haukupaswa kuguswa, na kwamba siku mbili zile zilikuwa siku za kuwa hospitali.

Wala kisa chetu si cha pekee katika kanda hii. Madaktari wa upasuaji wa Bugando walichapisha mwaka 2012 uchunguzi wa wagonjwa 104 waliofanyiwa upasuaji hapo kwa sababu hiyo hiyo ya utumbo uliotobolewa na taifodi.

Turudi kwa mtoto wa Nkome. Anaishi ziwani, anaoga ziwani, anateka maji ziwani. Mtoto wa namna hiyo akiwa na tumbo lililojaa na choo kisichotulia kwa miezi, jambo la kwanza kufikiriwa ni kichocho cha utumbo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wadogo wa majini, hupenya ngozi ya anayeoga au kuvua, na minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Mayai yake ndiyo yanayoharibu: huleta damu katika choo, hufanya ini liwe gumu, huvimbisha wengu. Ukiachwa kwa miaka, mgonjwa huweza kutapika damu. Mkono haumtoi mnyoo aliye ndani ya mshipa. Tena wengu uliovimba, uliopo upande wa kushoto chini ya mbavu, ukishindiliwa kwa nguvu unaweza kupasuka, na wengu ukipasuka mtu hufa kwa damu inayomwagikia tumboni bila tone moja kuonekana nje. Malaria ya kurudiarudia nayo huuvimbisha vivyo hivyo. Katika mkoa wenye yote mawili, kumkanda mtoto tumbo kwa nguvu kabla hajapimwa ni hatari ambayo mkandaji wa mjini Shanghai hakufundishwa kuifikiria.

Na hapa nawaomba wapenzi wa tiba ya Kichina watazame Wachina wenyewe walivyofanya. Nchi yao ilikuwa na kichocho chake, nacho cha utumbo, katika mabonde ya Mto Yangtze. Katika miaka ya 1950 wagonjwa walikuwa zaidi ya milioni 10. Hao ndio wenye tuina, wenye Zusanli, wenye sindano. Lakini hawakukishinda kwa vidole. Walifukia mitaro yenye konokono, walijenga vyoo, walipima vinyesi kijiji kwa kijiji, na dawa bora ilipopatikana wakawagawia watu. Kuanzia mwaka 2017 wataalamu kutoka Jiangsu, mkoa ule ule uliotuletea madaktari wa mwaka 1964, walikuwa Pemba wakishirikiana na Wizara ya Afya ya Zanzibar katika mradi wa kichocho. Waliingia mitoni na mabondeni kuwatafuta konokono na kuwaua, na waliokutwa na ugonjwa wakapewa prazikwanteli. Nadhani huo ni ushahidi unaotosha kwa mwenye kupenda ushahidi wa Kichina.

Dawa hiyo, prazikwanteli, ndiyo wanayopewa watoto wetu shuleni. Hupimwa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, mara moja. Mtoto asiyekuwapo shuleni siku ya kugawa dawa, au aliyekimbia kwa kuogopa kichefuchefu chake, hubaki na minyoo yake.

Siyo kichocho tu. Mchimbaji anayemeza diklofenaki kila jioni ili mgongo umruhusu kushuka shimoni kesho yake, anajichimbia kidonda tumboni. Mwingine kidonda chake kinatokana na bakteria aliyegunduliwa na madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, na huyo huondoka kwa dawa za kuua bakteria. Anayechoma zebaki kwenye jiko la kupikia, mvuke wake unaiingia familia nzima. Haya hayatafutiki kwa kiganja, wala kwa kijimashine kisichotoa damu wala kuona choo.

Basi tumbo lisiguswe na mkandaji, awe wa Kichina au wa kwetu, ikiwa kuna homa. Ikiwa choo ni cheusi kama lami au kina damu. Ikiwa mtu anatapika damu. Ikiwa maumivu yamehamia chini kulia, mahali pa kidole tumbo. Ikiwa tumbo limekuwa gumu. Ikiwa hapiti choo wala upepo. Ikiwa anakonda bila kufunga. Ikiwa kuna uvimbe au ngiri, au mshono wa upasuaji ambao haujakomaa. Mjamzito asikandwe tumbo, na Wachina wenyewe humkataza kubonyezwa baadhi ya sehemu za mkono na kifundo cha mguu. Anayebaki baada ya hao wote ni mtu mwenye choo kigumu, gesi, uzito wa tumbo au kichefuchefu cha safari, na huyo ndiye mteja wa haki wa mkandaji. Ramadhani anakuwa mwingi zaidi, kwa futari za kukaangwa na maji machache, ingawa tumefundishwa na Mtume (s.a.w.) kuliachia tumbo theluthi ya maji na theluthi ya pumzi.

La sitara ni hili: mwanamke akandwe na mwanamke, mwanamume na mwanamume, na bora zaidi ni wa nyumbani: mke kwa mume, mama kwa mwana, binti kwa mama yake. Mtoto asiachwe peke yake na mkandaji nyuma ya pazia. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imeweka Baraza la kusajili waganga wa aina hii, basi mwombe mtu akuonyeshe cheti cha usajili kabla hujavua kilemba wala kufungua pochi. Mwenye cheti haoni aibu kukionyesha.

Jumatatu, gazeti likiwa katika kuandaliwa, yule mama wa Nkome alinipigia tena. Mayai ya kichocho yameonekana. Mtoto amepimwa, ana kilo 28, akapewa vidonge viwili akavimeza baada ya kula, akatapika kidogo njiani kisha akalala. Daktari ameagiza wadogo zake wawili waletwe nao wapimwe. Nikamuuliza kuhusu kile kikao cha tatu alichokwisha kulipia. Akasema fedha hawarudishi, kwa hiyo atakwenda yeye, maana mkandaji ni mwanamke mwenzake, na choo kigumu ni chake cha miaka. Nikamuuliza kwanza kama ana ujauzito.

“Kwa umri wangu huu, ustadh?” akasema, akacheka hadi salio likakatika.